Tumbo Likiuma Baada ya Kula Tunda

(Mazungumzo ya afisa elimu ya watu wazima na vikundi vya kisomo, Wilaya ya Same)

 

Leo tuzungumze juu ya jambo linalosumbua watu wengi. Mtu anakula maembe, baada ya muda tumbo linajaa na kunguruma. Mwingine anakula mapera, usiku halali. Wa tatu anakunywa maji ya ukwaju kabla ya kula chochote, kifua kinawaka. Kisha maneno yanaanza. Mmoja anasema, "Mimi na matunda hatupatani." Mwingine anasema, "Kuna mtu kanitupia jicho." Basi anaacha matunda kabisa, na watoto wake anawakataza.

Hiyo ni hasara. Same tuna matunda. Huku tambarare, Hedaru, Makanya na Kisiwani, tuna maembe, mapapai na ukwaju. Kule milimani, Suji, Chome na Mbaga, tuna ndizi, maparachichi na mapera. Embe bivu na papai bivu husaidia macho ya mtoto. Pera lina vitamini C nyingi. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili chakula bora. Hatuwezi kuyatupa mafunzo yale kwa sababu tumbo limeuma siku moja.

Kwa hiyo tusilihukumu tunda kabla ya kusikiliza kesi. Tutazame sababu moja moja.

SABABU YA KWANZA: TUNDA BICHI

Tunda bichi lina ukakasi. Ndizi mbichi ina wanga mwingi ambao haujageuka kuwa sukari. Tumbo linapata kazi ngumu kuusaga. Watoto hawangoji. Embe likishakuwa kubwa kama ngumi, wanalipiga mawe na kulila kwa chumvi na pilipili. Usiku mama halali. Hapa dawa ni moja: tungoje liive.

SABABU YA PILI: KULA MENGI KWA MARA MOJA

Msimu wa maembe ukifika, mtu mmoja anakula sita au saba. Embe lina sukari yake ya asili. Utumbo wa watu wengine hauwezi kuinyonya yote kwa mara moja. Ile inayobaki inashuka mpaka utumbo mpana. Huko kuna vijidudu vinavyoishi ndani yetu siku zote. Vinaila ile sukari na kutoa hewa. Hewa hiyo ndiyo inayojaza tumbo. Sukari hiyo pia huvuta maji, ndiyo maana wengine wanaharisha. Huu si ugonjwa wala si uchawi. Punguza tu. Kula moja leo, moja kesho. Watu wengi wanaosumbuliwa na embe hawasumbuliwi na papai, chungwa au ndizi mbivu. Jaribu hayo.

Lakini tuwe wakweli. Sisi Wapare tunapenda makande. Maharage nayo hutoa hewa tumboni kwa njia hiyohiyo. Mtu anakula bakuli zima la makande, juu yake embe moja. Tumbo likijaa anasema, "Ni lile embe." Je, amelionea? Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, kisha pika kwa maji mapya. Utaona nafuu.

SABABU YA TATU: UCHACHU

Ndimu, limau, ukwaju na embe bichi vina uchachu mkali. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo akivitumia kabla ya kula chakula, anaungua. Lakini vidonda havikuletwa na ndimu. Mwaka 1982 waganga wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kijidudu kinachokaa ndani ya tumbo na kuleta vidonda. Mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Vidonda vingine huletwa na kumeza ovyo vidonge vya maumivu, kama aspirini. Kwa hiyo ukiungua mara kwa mara, usiishie kuacha ndimu. Nenda ukapimwe. Kijidudu hicho kina dawa.

SABABU YA NNE: UCHAFU

Embe limeanguka chini. Nzi wametoka chooni wamelitua. Mtoto analifuta kwenye shati na kula. Anayeharisha baadaye hakudhurika kwa embe, amedhurika kwa kinyesi kilichokuwa juu yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafanya wananchi wengi wachimbe vyoo. Bado somo hilo halijaisha. Mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi.

Osha mikono kwa sabuni. Osha tunda kwa maji safi kabla ya kulikata, kwa maana kisu huingiza uchafu wa ganda mpaka ndani. Vipande vilivyokaa wazi na nzi, usinunue.

Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari upesi. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kufuta, visiwe vya mlima. Mpe kidogokidogo. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kisha nendeni zahanati.

SABABU YA TANO: KISICHO CHAKULA

Mbono kaburi tunaupanda kuwa ua. Mbegu zake zina ladha kama ya karanga, nazo ni sumu. Mtoto akizila anatapika na kuharisha sana. Waonyeshe watoto mti wenyewe, waujue. Aliyekula mbegu hizo apelekwe kwa mganga mara moja, na mbegu moja ichukuliwe ikaonyeshwe.

TUMIA DAFTARI LAKO

Sasa utajuaje sababu yako ni ipi? Ndugu zangu, hapa ndipo kisomo kinapofanya kazi. Chukua daftari na kalamu. Kwa wiki mbili andika mambo manne: siku, ulichokula, kiasi gani, tumbo lilikuwaje. Kwa mfano:

Jumatatu. Makande, embe 1. Tumbo limejaa.
Jumanne. Ugali, mchicha, embe 1. Salama.
Jumatano. Makande bila embe. Tumbo limejaa.

Umeona? Embe limeshinda kesi. Na ukienda zahanati, chukua daftari hilo. Mganga atafurahi, kwa sababu maneno ya kinywa husahauliwa, yaliyoandikwa hubaki.

MAUMIVU YASIYO YA TUNDA

Sasa nisikilizeni vizuri. Yapo maumivu ambayo hatuna haki ya kuyasingizia tunda.

Kidole tumbo huanza kuuma karibu na kitovu. Baadaye maumivu huhamia chini, upande wa kulia. Mgonjwa hataki kula, anatapika, anapata homa, akitembea anajikunja. Hapo nyumbani watu wanasema, "Ni mbegu za mapera." Wanamkanda tumbo. Wanampa dawa ya kuharisha. Hatari! Kidole hicho kinaweza kupasuka, na mtu akafa. Usimkande. Usimpe dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali.

Mpeleke upesi pia ukiona mojawapo ya haya:

1. Tumbo ni gumu kama ubao, au maumivu yanazidi tu.
2. Anatapika bila kukoma, au matapishi ni ya kijani.
3. Kuna damu katika matapishi au choo.
4. Hapati choo wala hewa haitoki.
5. Mtoto amelegea, macho yameingia ndani.
6. Midomo imevimba na pumzi ni ya shida baada ya kula tunda.
7. Mama mjamzito ana maumivu makali.

Kutoka milimani mpaka hospitali ni mbali, na wakati wa mvua njia inateleza. Anayeanza safari saa sita mchana ana nafuu kuliko anayeanza usiku wa manane. Msikae nyumbani mkibishana juu ya pera huku mgonjwa anazidiwa.

 Kuleni matunda, yaliyoiva na yaliyooshwa, kwa kiasi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwenu watu husema tunda gani linaleta ugonjwa? Je, wamechunguza?
2. Kwa nini tuoshe tunda kabla ya kulikata?
3. Mtoto ana maumivu chini ya tumbo upande wa kulia, na homa. Mtafanya nini? Hamtafanya nini?
4. Nani kijijini ana gari au pikipiki ya kumpeleka mgonjwa usiku? Andikeni majina na namba zao za simu, mzibandike mahali pa wazi.