Kazi ya Forodha katika Ulinzi wa Mipaka
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa heshima ya kusema nanyi jioni hii juu ya kazi ya Forodha, na hasa juu ya sehemu ile ambayo watu wengi hawaifikirii, yaani kulinda mipaka na kuzuia ugaidi. Wengi wenu mliomo humu ni watumishi wa idara nyingine, za elimu, tiba, ardhi na hazina. Yamkini mtauliza: makarani wa ushuru wana shauri gani na mabomu? Je, kazi hiyo si ya askari? Swali hilo ni la haki, nasi twaomba mtuvumilie tulijibu.

Tangu zamani mtu wa Forodha ameonekana kuwa mtoza ushuru tu. Mfanyabiashara humwona kuwa kizuizi njiani, na Serikali humwuliza neno moja: fedha zimepatikana kiasi gani? Walakini tukiitazama kazi yenyewe twaona ya kuwa msingi wake si fedha. Msingi wake ni kulinganisha neno na kitu. Mwenye mzigo ametamka, "Hii ni sabuni," naye ofisa hana budi kujua kama ni sabuni kweli. Ushuru huja baada ya hapo. Adanganyaye ili akwepe ushuru, na adanganyaye ili aue watu, wote wawili hupita mlango mmoja, tena kwa karatasi za namna moja.

Na tutoe mfano uliotokea kweli. Jioni ya tarehe 14 Desemba 1999, kivuko kilifika katika mji mdogo wa Port Angeles nchini Marekani, kikitoka Victoria katika nchi ya Kanada. Gari la mwisho kushuka liliendeshwa na Ahmed Ressam, mzaliwa wa Algeria, aliyechukua hati zenye jina jingine. Kule Victoria alikuwa amekwisha kuulizwa na maofisa wa uhamiaji, akaruhusiwa kupita. Bibi Diana Dean, ofisa wa Forodha, alimwuliza maswali ya kila siku: waenda wapi, na kwa shughuli gani? Majibu hayakukaa sawa, na mikono yake haikutulia. Bibi yule akampa fomu ya kutamka mizigo aijaze, kisha akamwambia ashuke. Wenzake walipofungua nyuma ya gari, mahali pa gurudumu la akiba, wakaona mifuko ya unga mweupe. Wakadhani ni dawa za kulevya. Kumbe vilikuwa vitu vya kutengenezea bomu, pamoja na saa za kulilipulia. Ressam alikimbia, wakamfuata mbio mjini, wakamkamata. Baadaye ilijulikana kwamba alikusudia kuulipua uwanja wa ndege wa Los Angeles.

Angalieni sana jambo hili. Bibi Dean hakuwa akitafuta gaidi. Alikuwa akifanya kazi yake ya kila siku, mwisho wa siku, kwa gari la mwisho, naye hakuifupisha. Tena hakumhukumu mtu kwa asili yake wala kwa dini yake. Alipima majibu yake. Afisa amdhaniaye mtu kuwa adui kwa sababu ya jina au vazi huwaonea wengi wasio na hatia, naye adui wa kweli hupita akiwa amevaa suti.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kufundishwa uchungu wa mambo haya. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliyobebwa katika magari ya mizigo yalilipuka Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu 224, walio wengi wao wapita njia na watu waliokuwa kazini kama sisi. Tangu siku ile hapana mwenye haki ya kusema kwamba kilichomo ndani ya gari la mizigo ni shauri la mwenye gari peke yake.

Wala si mabomu tu. Ugaidi huishi kwa fedha, na fedha nyingi hutoka katika biashara ya kawaida. Huko Somalia kundi la Al-Shabaab lilijipatia mapato kwa kuutoza kodi mkaa uliopelekwa ng'ambo. Mwezi wa Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa Azimio Na. 2036, liliziamuru nchi zote zizuie mkaa wa Somalia usiingie kwao. Lakini azimio halisimami bandarini. Asimamaye bandarini ni karani. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza baadaye jinsi mkaa ule ulivyoendelea kuingia bandari za Ghuba kwa hati za uongo, zilizodai kwamba umetoka nchi nyingine. Hapo tena twaona neno na kitu vikiachana, na mhuri ukigongwa juu ya uongo.

Shirika la Forodha Duniani, ambalo makao yake ni Brussels, limeyaona mambo haya. Mwaka 2005 lilipitisha kanuni za kulinda biashara ya mataifa, ili khabari za shehena zifike mbele ya shehena yenyewe, na mizigo yenye mashaka ichaguliwe mapema. Mwaka 2010 ulianzishwa mpango wa kufuatilia kemikali 14 ziwezazo kutengenezewa mabomu. Na Desemba 2015, mjini Punta Cana, wakuu wa Forodha walipitisha azimio kwamba usalama ni sehemu ya kazi yao. Hapana awezaye kufungua kila kontena. Nyanya zingeoza, na mwenye duka mdogo angefilisika. Ndiyo maana huchaguliwa machache kwa akili, nayo hufunguliwa kwa uangalifu.

Miongoni mwa kemikali hizo 14 imo nitrati ya amonia. Wakulima huitumia kuwa mbolea, na wachimba madini huitumia kupasulia miamba. Mwaka 2013 meli moja ilifika Beirut na tani 2,750 za kitu hicho, nacho kikapakuliwa na kuwekwa ghalani bandarini. Maofisa wa Forodha waliandika barua kwa mahakama mara kadhaa, kuulizia la kufanya. Miaka ikapita, shehena ikabaki pale pale. Tarehe 4 Agosti 2020 ghala lilishika moto, shehena ikalipuka, watu zaidi ya 200 wakafa. Ule haukuwa ugaidi. Lakini unatuonyesha kilichomo ndani ya gunia lisilo na mwenye kulijali, na ndani ya barua isiyojibiwa.

Sasa tutasema jambo ambalo si rahisi kulisema. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha mpakani tusichokitaja, sisi tunaosema nanyi tulikuwa katika zamu ya jioni. Likaja lori lenye hati zilizoandikwa vizuri: chumvi, magunia 400. Mvua ilikuwa ikinyesha, foleni ndefu, na wakala alikuwa mtu tuliyemjua, mcheshi, ambaye wakati wa sikukuu hakutusahau. Siku ile hatukupokea kitu. Lakini tulipiga mhuri pasipo kulifungua turubai. Usiku ikaja simu kutoka kituo cha mbele: chini ya chumvi kulikuwa na magunia ya mbolea isiyotamkwa, na haijulikani ni mbolea gani. Asubuhi ilithibitika kuwa ni mbolea ya shamba tu isiyo na hatari, mwenyewe akatozwa faini, nasi tukaandikiwa barua ya onyo. Hakuna aliyedhurika. Lakini usiku ule hatukulala, kwa maana tulikuwa tumetia mhuri wa Serikali juu ya kitu tusichokijua.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Zile zawadi za sikukuu hazikununua mhuri wetu; zilinunua usingizi wa macho yetu. Apokeaye "chai" ili sukari ya magendo ipite, hudhani ameuza ushuru wa magunia machache. Kwa kweli ameuza mlango, na aliyeununua hatamwambia kesho atapitisha nini.

Basi twaleta mbele ya Chama maombi matatu. La kwanza, kila mmoja wetu asitie sahihi yake juu ya kitu asichokiona au asichokuwa na sababu njema ya kukiamini. La pili, barua ya hatari isilale mezani. Anayeipokea na aijibu, na asipojibiwa mwandishi, aandike tena kwa mkubwa zaidi. La tatu, nalo twalisema kwa wazee wa Chama: karani akilifungua lori la mtu mkubwa, kisha akahamishwa au akasumbuliwa kwa ajili ya hilo, asiachwe peke yake. Chama kimwulize mwajiri sababu. Mtu hawezi kuulinda mpaka ikiwa nyuma yake hapana amlindaye.

Hayo ndiyo majibu yetu kwa swali la mwanzo. Askari hulinda mpaka kwa silaha, nasi twaulinda kwa swali, kwa kalamu na kwa lakiri. Tukifanya hivyo vizuri, watu watalala salama pasipo kujua majina yetu, na hivyo ndivyo ifaavyo kazi ya mtumishi.