Nguo Ifuate Ngozi

(Mazungumzo ya Kamati ya Sare mbele ya wanachama wote, katika mkutano wa kuandaa sherehe za miaka kumi)

Bibi Mwenyekiti, Mweka Hazina, mama zetu walezi, wanachama wenzetu, na nyinyi majirani mliotuunga mkono tangu kisanduku chetu kina kufuli tatu na ndani hamna cha kufungia.

Kamati tulipewa kazi ya kutafuta rangi ya sare. Kazi yenyewe ilionekana nyepesi, lakini kila tuliyemwuliza alitujibu, "Hiyo mimi hainipendezi, kwa rangi yangu." Kwa hiyo leo tunaomba muda kidogo tuzungumze habari ya rangi ya nguo na rangi ya mtu, halafu ndipo tutoe pendekezo letu.

Tuanze na ngozi. Rangi ya ngozi inatokana na kitu kinachoitwa melanini. Seli zinazoitengeneza zinakaribia kuwa sawa kwa idadi kwa watu wote, mweusi tii kwa Mzungu. Kinachotofautiana ni kiasi na aina ya melanini inayotoka. Kazi yake ni kuikinga ngozi na jua kali. Basi huo weusi tunaoununia kwenye kioo ni mwavuli tuliozaliwa nao, tena haukukatwa kwenye hisa za mtu.

Sasa rangi za nguo. Rangi zikikaa jirani hukopeshana, kama sisi hapa. Mwaka 1824 mkemia mmoja Mfaransa, Michel-Eugène Chevreul, alipewa usimamizi wa kazi ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, wanakofuma mazulia ya kutundika ukutani. Akaletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazina nguvu, zimepauka. Alipozichunguza akakuta nyuzi hazina kasoro. Ubaya ulikuwa kwa jirani: nyeusi ileile ikifumwa kando ya bluu au zambarau, jicho linaiona imefifia. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo, na ndani yake akagusia pia nguo za wanawake na nyuso zao. Kwetu sisi maana yake ni kwamba ukijiona siku hiyo umechujuka, pengine uso wako hauna kosa lolote. Muulize kwanza jirani yake, yaani kile kitambaa kilichoko shingoni.

Ndugu zetu weusi tii, msikubali tena kuambiwa mvae "rangi zilizopoa". Sijui nani aliuanzisha uzushi huu, lakini umetunyima raha miaka mingi. Ngozi iliyokolea ndiyo inayobeba rangi iliyokolea bila kuzidiwa: bluu iliyoiva, nyekundu ya pilipili, zambarau, kijani cha jani la mgomba, nyeupe iliyotakata. Zinazowaharibia ni zile zinazokaribiana na ngozi huku zimepauka, kama kahawia iliyofuliwa sana au kijivu cha majivu. Hapo uso na nguo vinakuwa kitu kimoja na mtu hajui akutazame wapi.

Wenye maji ya kunde wana nafasi pana: chungwa, rangi ya udongo mwekundu, manjano ya bizari, damu ya mzee. Nao weupe wetu wajihadhari na rangi ya mchanga na manjano iliyofifia, maana huwapa sura ya mtu aliyetoka kuugua malaria. Wakivaa damu ya mzee au bluu ya bahari wanachangamka.

Lakini jamani, tusifanye hii kuwa sheria. Wanawake wawili weusi sawasawa, mmoja weusi wake unavuta kwenye wekundu, mwingine unavuta kwenye bluu. Yule wa kwanza mpe manjano ya bizari atang'aa. Wa pili mpe ya limau. Wakibadilishana, wote wawili watalalamikia fundi.

Njia ya kujua ni ya bure. Nenda dukani mchana, usiende jioni. Usijipake poda. Omba kitambaa usogee nacho mlangoni kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa za dukani hudanganya. Ile ndefu nyeupe huivuta rangi kwenye bluu, na balbu ya kawaida huivuta kwenye manjano. Kiweke kitambaa chini ya kidevu, ujitazame uso. Narudia, uso, si kitambaa. Jicho likikimbilia kitambaa, basi kimekuzidi. Ukiona midomo imekuwa ya majivu na vivuli vimezama chini ya macho, mrudishie mwenye duka na umwambie ahsante. Ukiona kwanza macho yako na meno yako, hicho ni chako. Ukikosa kioo, nenda na rafiki asiyejua kusema uongo, japo hao ni wachache kuliko vioo.

Kwenye khanga kuna siri moja ambayo bibi zetu waliijua bila kusoma kitabu. Wengi tunachagua khanga kwa kutazama mji wake, pale katikati. Lakini ukijitanda, kinachozunguka uso ni pindo. Kwa hiyo khanga yenye mji usiokupenda unaweza kuivaa vizuri kabisa ikiwa pindo lake ni lako. Na mtazame kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe pamoja. Bibi harusi awe mweusi, awe maji ya kunde, awe mweupe, hakosi mle ndani rangi ya kumshika mkono. Sisi tunaona hii ni sababu mojawapo iliyofanya kisichokwe miaka yote hii.

Wenzetu wa nje nao walijaribu kupanga mambo haya. Mwaka 1980 huko Marekani Carole Jackson alitoa kitabu, Color Me Beautiful, kilichowagawa wanawake kwa majira manne ya mwaka. Kilivuma sana. Ila wanawake weusi kwa kawaida wakawekwa karibu wote kwenye kipupwe, fungu moja! Mtu ambaye amewahi kukaa kwenye mkutano huu akatazama nyuso zilizopo anajua kwamba sisi hatuenei kwenye fungu moja.

Hata picha zilitudhulumu. Kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mweupe; Kodak ilikuwa ikizisambaza tangu miaka ya 1950. Mweusi akipigwa picha hiyo, anatoka macho na meno. Wako waliotazama picha zao za harusi wakaamini wao ni wabaya, kumbe kipimo ndicho hakikukatwa kwa ajili yao. Hadi leo mkikaa kundi zima mmevaa nyeupe tupu juani, kamera huupima ule weupe na kuzitia nyuso giza. Kwa picha ya kitabu hiki, tafadhali mpiga picha apime nyuso, na sisi tukae kivulini.

Tumefika kwenye neno lililotusukuma tuombe muda huu. Kikao kilichopita, kitambaa cha manjano kilipofunuliwa, mwenzetu mmoja alisema, "Sisi weusi mtatufanya nzi kwenye maziwa." Watu wakacheka. Wasichana wawili walioketi nyuma hawakucheka. Walikuwa wakiulizana ni losheni gani inafanya kazi haraka, maana sherehe imebaki miezi miwili.

Tusidanganyane, mkorogo upo humu humu. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu na sabuni huharibu figo, na mama mjamzito humfikishia mtoto tumboni. Haidrokwinoni huzuia melanini isitengenezwe, lakini ukiitumia muda mrefu inaweza kukuletea madoa meusi ya kubluu usoni, yaani unalipia kile kile ulichokuwa unakikimbia, na kuyaondoa ni kazi ngumu. Zile zenye dawa kali za steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na kidonda kichelewe kupona. Nchini kwetu vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliviwekea vipodozi vya zebaki mwisho wa 2020. Mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuziba hata ule mwanya mdogo uliobaki, mwisho ukiwa 2025. Hata hivyo vikopo visivyo na maandishi vinaendelea kuuzwa kwa kunong'onezana. Mwenzetu anayetumia asichekwe wala asitozwe faini. Aende kwa daktari na kile kikopo mkononi, kwani kuacha ghafla nako kuna taabu zake.

Na sisi mama, tuchunge ndimi. Mtoto wa darasa la tano akiambiwa mbele ya fundi, "Wewe mweusi, hiyo acha," hasikii habari ya kitambaa.

Pendekezo letu ni hili. Jora la manjano libaki, kwa sababu tukinunua zima tunapata bei ya jumla, na kila mtu akichagua lake faida hiyo inapotea. Manjano yatakaa mwilini na kwenye sketi. Karibu na uso, yaani kola na kilemba, kila mmoja atachagua mwenyewe katika rangi nne: damu ya mzee, bluu iliyoiva, kijani na nyeupe. Fundi amesema kola haihitaji kitambaa kingi, na gharama yake tumeiingiza kwenye mchango uleule, hakuna nyongeza.

Vipande vya kujaribia viko kwa Mweka Hazina pamoja na kioo kikubwa. Njooni Jumamosi saa nane mchana, barazani, bila poda. Atakayechelewa mpaka taa ziwashwe atapewa rangi itakayokuwa imebaki.