Kuuza Picha Mtandaoni: Tuanze na Ridhaa ya Jirani



Vijana wengi wameniuliza namna ya kuuza picha zao mtandaoni. Njia ipo. Kampuni kama Adobe Stock na Shutterstock hupokea picha za mtu yeyote aliyetimiza miaka 18, huzikagua, kisha huwauzia wachapishaji na watangazaji haki ya kuzitumia. Hakimiliki hubaki kwako. Picha sharti iwe na walau pikseli milioni 4, ionekane bila ukungu, na picha ya matangazo isiwe na nembo za biashara. Adobe Stock humlipa mpiga picha asilimia 33 ya bei. Mara nyingi ni senti chache, basi haba na haba hujaza kibaba.

Picha za machweo zimejaa tele. Mama apepetaye mpunga na fundi baiskeli kazini ni adimu zaidi. Na hapo ndipo penye mtihani. Anayetambulika katika picha ya matangazo lazima atie saini fomu ya ridhaa. Mtoto hutiliwa na mzazi au mlezi.

Mwelezeni ukweli wote: sura yake yaweza kutumika katika tangazo asilolijua, nchi asiyoifika. Mimi nilimpiga picha bibi mmoja sokoni. Aliponiuliza, “Mwanangu, nitapelekwa wapi?” nilikosa jibu, nikaifuta.

Akikataa, mshukuruni. Senti hupatikana tena. Heshima ya jirani ikiuzwa hairudi.