Jina la Chama na Jina la Jeshi



Kila anayefuatilia taarifa za habari za nchi jirani amekwisha kuzisikia herufi hizi: SPLM. Mara huzisikia peke yake. Mara nyingine husikia SPLM-IO, yaani SPLM iliyo katika upinzani. Mara nyingine tena husikia SPLM-Kaskazini. Msikilizaji aweza kudhani kwamba hicho ni chama kimoja chenye matawi mengi, kila tawi na mkoa wake. Laiti ingekuwa hivyo! Mazungumzo yetu ya leo yanakusudia kueleza jinsi jina moja lilivyogawanyika, na kwa nini mgawanyiko huo ulimwaga damu badala ya kuishia katika mabishano ya mkutanoni.

Harakati za SPLM zilianzishwa mwaka 1983, zikiongozwa na John Garang. Tangu mwanzo zilikuwa na mikono miwili: SPLM, mkono wa siasa, na SPLA, mkono wa bunduki. Tofauti ya majina ni herufi moja tu. Msituni tofauti hiyo haikuwa na maana kubwa, kwani kamanda wa vita ndiye aliyekuwa pia kiongozi wa siasa.

Tarehe 9 Januari 1995 haikuwa bado. Amani ilichelewa miaka kumi zaidi. Mkataba ulitiwa sahihi mjini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Ndipo bendera ya wapigania uhuru, yenye rangi nyeusi, nyekundu na kijani zilizotengwa kwa mistari myeupe, pamoja na pembetatu ya buluu na nyota ya manjano, ikawa bendera ya Serikali ya Sudan Kusini. Tarehe 9 Julai 2011, siku ya uhuru, bendera hiyo hiyo ilipandishwa mjini Juba kuwa bendera ya taifa. Chama cha SPLM kikashika madaraka. Jeshi la taifa likabaki na jina la SPLA.

Ndugu wasikilizaji, si ajabu taifa kurithi rangi za chama kilichopigania uhuru. Bendera ya Kenya ya mwaka 1963 ilitokana na rangi za KANU, na bendera ya Tanganyika ilitokana na rangi za TANU. Lakini huko Juba kilichorithiwa hakikuwa rangi tu. Jeshi zima liliingia katika dola likiwa bado na jina la chama. Kwa hiyo swali likabaki bila jibu: chama kikigombana, jeshi ni la nani?

Jibu lilikuja usiku wa tarehe 15 Desemba 2013. Viongozi wa SPLM walikuwa wamefarakana kuhusu uongozi wa chama, Rais Salva Kiir upande mmoja na aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, upande wa pili. Katika nchi ambayo jeshi limetengwa na chama, ugomvi wa namna hiyo humalizwa kwa kura, au wanachama wengine hutoka na kuunda chama chao. Mjini Juba risasi zilianza kulia ndani ya kambi ya walinzi wa Rais. Askari waliokula sahani moja jioni walielekezeana bunduki usiku. Upande wa Machar ukajiita SPLM-IO, na wapiganaji wake SPLA-IO. Hapakuwa na upande uliokubali kuliacha jina la zamani, kwa maana kila mmoja alilihesabu kuwa urithi wake.

Tawi la kaskazini nalo lina kisa chake. Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011, wanachama na wapiganaji wa Kordofan Kusini na Blue Nile walibaki ng'ambo ya mpaka, ndani ya Sudan. Waliendelea na jina lao na kuongeza neno Kaskazini. Vita vilizuka kati yao na Serikali ya Khartoum mwaka huo huo. Mwaka 2017 tawi hilo nalo lilipasuka, kundi moja likiwa la Malik Agar na jingine la Abdelaziz al-Hilu, na yote mawili yakang'ang'ania jina lile lile. Tazameni mwisho wake: vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, Agar alisimama upande wa jeshi la Serikali na kupewa cheo cha makamu katika Baraza la Utawala. Februari 2025 kundi la al-Hilu lilifanya mapatano na wapinzani wa jeshi hilo. Jina moja, pande mbili za vita!

Tanzania haikukaa kimya kutazama jirani akiungua. Tarehe 21 Januari 2015 makundi matatu ya SPLM ya Sudan Kusini yalitia sahihi mapatano ya kuunganisha chama mjini Arusha, Chama Cha Mapinduzi kikiwa msuluhishi. Kilikuwa na haki ya kutoa ushauri. TANU na Afro-Shirazi vilikuwa vyama viwili, kila kimoja na jina na bendera yake, kwa miaka kumi na mitatu baada ya Muungano. Tarehe 5 Februari 1977 vyote viwili viliyaacha majina yao na kuzaa chama kipya. Hapana aliyemlazimisha mwenziwe kuvaa jina lake.

Mapatano ya Arusha hayakuzuia mapigano mapya mjini Juba Julai 2016. Karatasi iliunganisha viongozi. Bunduki zilibaki zimegawanyika. Mnamo Oktoba 2018 jina la SPLA lilifutwa kwa amri ya Rais, na jeshi likaitwa Jeshi la Ulinzi la Watu wa Sudan Kusini. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini kikosi cha kwanza cha askari waliochanganywa kutoka pande zote kilihitimu mjini Juba Agosti 2022 tu, na Machi 2025 Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake. Kibao kipya langoni hakitoshi ikiwa utii wa askari ungali kwa mkubwa wake wa zamani.

Ndugu wapiganaji, sisi nasi tulikuwa na matawi ya chama makambini wakati wa chama kimoja. Mfumo huo ulikoma tulipoingia vyama vingi mwaka 1992. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, nayo inawataja pamoja Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Haki ya kupiga kura imeachwa mikononi mwenu.

Pengine yuko anayeiona ibara hiyo kuwa ni kunyimwa. Na ajiulize askari wa Juba wa usiku ule angetoa nini ili awe nayo. Raia aliyevaa kijani, buluu au nyekundu anapofika kituoni kuomba msaada, hutazama sare iliyo mbele yake. Akiona ndani yake rangi ya Jamhuri peke yake, atasema shida yake bila hofu. Akiona rangi ya chama, atarudi nyumbani kutafuta silaha yake mwenyewe.