Mji Wetu Usiwe Nazareti

Somo: Marko 6:1-6

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya maisha ya mji mdogo kama huu wetu wa Mboko. Sisi tunaoishi hapa kandokando ya Ziwa Tanganyika tunajuana. Ukipita asubuhi na begi, kabla hujapata pikipiki watu wamekwisha kuuliza unasafiri wapi. Mama akijifungua usiku, kesho yake uji unafika kutoka nyumba ambazo hakuziomba. Mtumbwi ukichelewa kurudi kwa sababu ya upepo, watu wanajaa ufukweni, wala hakuna anayeuliza yule mvuvi anasali kanisa gani. Vita ya 1996 ilipotufikia, tulivuka ziwa tukapokelewa Tanzania. Mwaka 2015, ndugu zetu Warundi walipokimbilia huku, wako waliolala kwanza katika nyumba zetu kabla ya kupata mahali katika kambi ya Lusenda. Hii ni neema. Katika miji mikubwa mtu anaweza kuugua juma zima, na jirani wa ukuta mmoja asijue. Tumshukuru Mungu kwa ajili ya mji wetu.

Lakini neno la leo linatupeleka katika mji mwingine mdogo, ambamo watu walijuana kama sisi.

Yesu alirudi Nazareti, mahali alipolelewa. Siku ya sabato akafundisha katika sinagogi, na watu wakashangaa hekima yake. Halafu wakaanza kuhesabu yale wanayoyajua juu yake. Kazi yake, ni seremala. Mama yake, wanamjua. Ndugu zake wanne, wanawataja kwa majina. Dada zake, wanakaa nao palepale. Walipomaliza kuhesabu, wakachukizwa naye.

Tuangalie vizuri, wapendwa. Watu wa Nazareti hawakusema uongo hata mmoja. Kazi ilikuwa ile, mama alikuwa yule. Habari zao zilikuwa za kweli, lakini zilikuwa za zamani. Walidhani kwamba kwa kuwa wanajua mtu alikotoka, basi wanajua pia Mungu anafanya nini ndani yake leo. Wazee wetu husema: asiyekujua hakuthamini. Nazareti inatufundisha kwamba hata anayekujua tangu utoto anaweza asikuthamini.

Na matokeo yake? Marko anaeleza kwamba Yesu hakuweza kufanya mwujiza mkubwa huko. Aliweka mikono juu ya wagonjwa wachache tu, wakapona. Tufikiri juu ya wagonjwa wengine wa Nazareti. Walibaki kwenye mikeka yao, na Mponyaji alipita karibu na mlango. Mazoea ya majirani yaliwanyima wengi baraka.

Sasa tuingie nyumbani kwetu. Tuna ushuhuda, lakini si wa kujisifu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa mji huu. Alipokuwa na miaka kumi na tano aliiba taa ya kuvulia ndagala kutoka mtumbwi wa mzee mmoja, akaiuza. Alikamatwa, akapigwa ufukweni mbele ya watu wote, akakimbilia machimbo ya dhahabu ya Misisi. Tangu siku ile, kila mtu alimwita kwa jina la ile taa.

Baada ya miaka tisa alirudi. Alikuwa ameokoka, ana mke na mtoto. Kabla hata ya kuingia kanisani alikwenda kwa yule mzee, akapiga magoti, akalipa bei ya taa na kuongeza juu yake, kama Zakayo. Sisi wachungaji na wazee wa kanisa tulijua hayo. Tulimpigia makofi. Lakini alipoomba kutumika pamoja na vijana wanaopokea sadaka, tulimwambia angoje kwanza. Akangoja mwaka mzima, bila kunung'unika.

Usiku mmoja katika mkesha simu ya mama mmoja ikapotea. Hakuna aliyetaja jina, lakini macho yote yalikwenda upande mmoja. Sisi tukamwita yule kijana katika chumba cha wazee, tukamwambia atoe vitu vilivyo mfukoni. Yeye peke yake, kati ya watu zaidi ya mia. Alitoa kitambaa, franka mia tano, na Agano Jipya ndogo. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, anaangalia.

Siku ya pili simu ilionekana ndani ya ngoma ya kwaya, mahali ilipoanguka. Tulipokwenda nyumbani kwake kumwomba msamaha, mlango ulikuwa umefungwa. Walikuwa wameondoka alfajiri.

Tulimtafuta, tukampata. Tulipiga magoti mbele yake kama yeye alivyompigia magoti yule mzee. Alitusamehe kweli, tukalia pamoja, tukaomba pamoja. Lakini hakurudi Mboko. Alituambia kwa upole: "Baba Mchungaji, kule nitakuwa na miaka kumi na tano mpaka nife."

Wapendwa, neno lile halijatutoka. Yesu hakuwa na dhambi, na kijana huyu aliiba kweli, hatuwalinganishi. Lakini kosa la Nazareti na kosa letu ni moja. Mungu alikuwa amemfanya mtu kiumbe kipya, na sisi tulikuwa tumeshika daftari la zamani.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kutaja mambo ya jirani, tujiulize: habari hii ni ya mwaka gani? Dada aliyezaa akiwa msichana leo ni mama wa watoto watano anayeongoza maombi, na bado tunamwonyesha mgeni kidole: "Yule, unajua..." Hapana! Mgeni hakuuliza. Tumwache aanze na huyu wa leo.

Pili, hatusemi kanisa liishi bila utaratibu. Aliyeiba arudishe. Sadaka ihesabiwe na watu wawili au watatu, hata kama wote ni wazee wa kanisa. Kitu kikipotea, tuulize wote sawasawa, tukianza na sisi wachungaji. Utaratibu wa wote haumwaibishi mtu, lakini utaratibu wa mtu mmoja ni hukumu.

Tatu, kila mtu anayerudi anahitaji Barnaba. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi wote walimwogopa, na walikuwa na sababu. Barnaba alimchukua, akampeleka kwa mitume, akaeleza yale Bwana aliyomtendea (Matendo 9:26-27). Kijana wetu alipigiwa makofi na watu wengi, lakini hakupata mtu mmoja wa kusimama karibu naye usiku ule na kusema: "Tuanze na mifuko yangu mimi."

Na wewe unayetusikiliza huku bado unaitwa kwa jina la kosa la zamani, usikubali kurudia kazi ya jina lile. Yesu alipokataliwa Nazareti hakuacha kuwa Kristo. Alizunguka vijiji vya karibu akiendelea kufundisha.

Tena kuna tumaini kwa mji wetu. Ndugu zake Yesu hawakumwamini mwanzoni (Yohana 7:5). Lakini katika Matendo 1:14 tunawakuta pamoja na mama yao, wanaomba na wanafunzi. Waliolelewa naye katika nyumba moja walijifunza kumwona upya. Kama wao waliweza, sisi pia tutaweza.

Wiki hii, kila mmoja amtafute mtu mmoja ambaye mji umemfungia katika jambo la zamani. Usimhubirie. Mpelekee samaki, kaa naye, muulize habari zake za leo.

Tuombe. Baba, hukututendea sawasawa na mambo yetu ya kale. Utusamehe kwa wale tuliowafukuza kwa macho yetu. Mlinde yule kijana na nyumba yake, popote walipo usiku huu. Ufundishe mji wetu kupokea. Katika jina la Yesu. Amina.