Kuku Akipotea Usiku, Soma Alama Kwanza

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa wafugaji wa kuku, Baraka



Nimeombwa niongee juu ya wanyama wanaomaliza kuku zetu. Lakini munajua kama maneno haya yanagusa jirani pia. Huku kwetu Fizi, kuku akipotea usiku, asubuhi hatutazami chini, tunatazama nyumba ya pili. Aliyerudi anasema: ni wale waliobaki. Aliyebaki anasema: tangu hawa watoke Tanzania, mali haikai. Toka meli za kurudisha wakimbizi zianze kutoka Kigoma kuja hapa Baraka mwaka 2005, tumekaa chini mara mingi juu ya mashamba na viwanja. Isiwe sasa kuku ndiye atakayetugombanisha upya.

Njo maana ninawaomba kitu kimoja: mbele ya kutaja jina la mutu, soma alama.

Mwewe anakuja mchana. Anabeba kifaranga mzima na haachi damu. Asubuhi ulihesabu kumi, jioni ni saba, na mama yao alipiga kelele saa sita: huyo ni mwewe. Nguchiro naye ni wa mchana; anapenda mayai, anavunja na kuacha maganda. Nyoka anameza yai pamoja na ganda lake. Ukikuta kiota kitupu kabisa, usianze kumuuliza mtoto wa jirani. Na ukikuta kifaranga amekufa, manyoya ya kichwa yamelowa, ujue nyoka alijaribu kumumeza akashindwa.

Usiku ni zamu ya kanu na kicheche. Majina yanabadilika kufuatana na lugha zetu, lakini kazi yao ni moja: wanauma shingo au kichwa, wanaweza kuua kuku wengi na kula kidogo tu. Mbwa wa kuzurura anatawanya manyoya kila upande. Siafu nao wakiingia usiku, kuku anayelalia mayai hataki kuyaacha, wanamumaliza hapo hapo.

Na mwizi wa miguu miwili? Yuko, tusidanganyane. Lakini yeye anafungua mlango, hapiti kwenye tundu. Habebi kifaranga wa siku tatu, wala haachi kichwa nyuma. Mlango ukiwa wazi na jogoo mukubwa hayuko, bila damu wala manyoya, hapo peleka neno kwa shefu wa kijiji. Usipeleke kisimani.

Sasa tufanye nini? Karibu wezi wote wa usiku wanashindwa na kitu kimoja: nyumba iliyofungwa vizuri. Wengi wetu tunalaza kuku jikoni, ao juu ya mti. Kanu anapanda mti kuliko kuku. Nyumba ya kuku haihitaji pesa mingi. Simamisha nguzo ine, sakafu iwe juu ya ardhi karibu mita moja. Kwa sakafu tumia mabambu, uache nafasi ndogo ili mavi yaanguke chini. Kuta ni matete na udongo. Kila nguzo izungushie kipande cha bati kuukuu, hilo tunaloita manjanja, panya na nyoka wateleze. Chini ya nguzo mwaga majivu juu ya siafu, na uyabadilishe mvua ikinyesha. Kisha chukua yai mukononi, uzunguke nyumba: tundu lolote ambalo yai linaweza kupita, ziba. Ukitumia waya ya kuku, kumbuka matundu yake yanazuia kuku asitoke, lakini panya anapita. Mlango ufungwe mbele giza haijaingia, na awe mutu mumoja tu mwenye kazi hiyo. Kazi ya wote haina mwenyewe.

Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu wakapelekwa Marekani wanakuta kule mwizi mwingine, koyote, mnyama wa jamii ya mbwa. Anaruka uzio, akishindwa anachimba chini yake. Na kule pia dawa ni hii hii: kuku alale ndani, mlango ufungwe.

Vifaranga wanahitaji ulinzi wa mchana. Wiki ine za kwanza waweke chini ya tenga kubwa pamoja na maji na chakula. Wakianza kutoka, wawe karibu na migomba ao kichaka cha sombe wapate pa kukimbilia mwewe akitokea.

Kuna wenye kuweka sumu ya panya ndani ya nyama na kuiacha nje. Hapana. Sumu haichagui. Inaua mbwa anayelinda nyumba na paka anayekamata panya, na mtoto akiokota nyama ile, hakuna kuku atakayelipa.

Jambo lingine: ukikuta kuku watano wamekufa na miili yao ni mizima, hakuna jeraha, usitafute mnyama wala jirani. Mara mingi ni kideri, ugonjwa ambao waganga wa mifugo wanauita Newcastle. Huo nyumba haiuzuii. Unazuiwa na chanjo, ile ya tone jichoni, inayorudiwa kila miezi mitatu ao mine.

Namalizia kwa pendekezo la kamati. Mkopo wetu wa kuku unajulikana: unapewa matetea wawili, wakizaa unarudisha wawili kwa mwanachama mwingine. Matetea wakiliwa, mnyororo unakatika, na yule anayengoja anaanza kukuangalia vibaya. Kwa hiyo tunaomba tukubaliane: nyumba kwanza, kuku baadaye. Nyinyi wafadhili, mukituuliza sababu ya misumari na kufuli kuwa kwenye bajeti mbele ya kuku, sababu njo hiyo. Na nyumba tusijenge kila mutu peke yake. Kila Jumamosi tufanye salongo, nyumba mbili: moja ya aliyerudi, moja ya aliyebaki. Tutaanza na wajane. Wenye panga na nyundo waandike majina kwa katibu mbele hatujatoka hapa.