Jina la Mahali Pekee Halitoshi
Mada iliyotolewa kwa wananchi, Raskazone, Tanga



Tumekutana kuzungumzia jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo likipuuzwa humgharimu mlaji fedha, muda na hata haki yake: namna ya kutafuta taarifa za mahali.

Siku hizi kiwanja, nyumba ya kupanga au zahanati hutafutwa kwanza kwenye simu. Mtu huandika jina, akaridhika na jibu la kwanza. Lakini kompyuta haipajui mahali kama mwenyeji anavyopajua. Hulinganisha herufi, kisha hutazama iwapo jina hilo limewekewa nukta tu kwenye ramani au limechorewa mpaka. Nukta hutoa makadirio. Mpaka hutenganisha kilicho ndani na kilicho nje.

Hapa pwani zipo sababu nne za kupotea.

Kwanza ni tahajia. Rasi hii, ambako majeshi ya Waingereza yalishuka Novemba 1914, vitabu vingi vya Kiingereza huiita Ras Kasone. Sisi huandika Raskazone, na wengine Ras Kazone. Anayetafuta kwa tahajia moja huenda asizione nyaraka zilizotumia nyingine.

Pili ni majina yanayofanana. Msambweni ni kata ya Jiji la Tanga. Msambweni nyingine iko Kwale, nchini Kenya, katika mwambao huu huu. Mzizima ni kata yetu, na pia ni jina la kale la Dar es Salaam. Tanga yenyewe ni mkoa, na tena ni jiji.

Tatu, mipaka hubadilika. Wilaya ya Mkinga ilimegwa kutoka Muheza. Kwa hiyo hati ya zamani ya ardhi ya Moa au Maramba inaweza kuandikwa Muheza, ilhali leo maeneo hayo yako Mkinga. Atakayetafuta kwa jina la wilaya ya sasa peke yake atadhani hati haipo.

Nne, bahari huidanganya ramani. Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, huonekana karibu na mjini kwa mstari ulionyooka. Mstari huo hukatiza maji. Barabara huizunguka ghuba. Tangazo likisema “kilomita chache kutoka mjini”, ulizeni: kwa gari au kwa ngalawa?

Tufanyeje basi? Andikeni mahali kwa ngazi zote: mkoa, wilaya, kata, kisha mtaa au kijiji. Ongezeni postikodi, kwa kuwa tarakimu zake tano zimepangwa kwa ngazi hizo hizo: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho kata. Jaribuni tahajia zaidi ya moja, na kwa nyaraka za zamani tumieni pia jina la wilaya ya awali. Nyumba yenye anwani ya makazi itajwe kwa namba yake na jina la barabara.

Kwa anayenunua kiwanja, ramani ya simu ni mwanzo tu wa safari. Asitoe fedha kabla ya kufika ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji, kuuliza idara ya ardhi ya halmashauri husika, na kufanya upekuzi rasmi wa hati kama eneo limepimwa. Karibu na ufukwe ataka umbali upimwe pia, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Dalali anaweza kuusogeza mpaka kwa maneno; sheria haitausogeza.

Nanyi wenyeji mnao wajibu. Mtaa wenu ukiwekwa kata isiyo yake kwenye ramani, toeni taarifa kwa mtendaji wa mtaa au kata. Mpaka uliochorwa sawasawa leo humwepusha jirani na hasara kesho.